Nta Katika Tundu la Kitasa

Atakayekuambia kwamba Mzee Krsman wa kijiji chetu cha Kruševik alikuwa mchoyo, huyo hakumjua. Mchoyo hatoi. Krsman alikuwa akitoa, ila akishakupa anakutazama mikono mpaka uingie kwako, na kesho yake anakuja kunusa sufuria zako ajue kama kweli ulikula au umeficha.

Ukuta wake ulikuwa mrefu hata jogoo wake akiwika alfajiri, sisi majirani tulimsikia jua limeshapanda. Kama nimeongeza, nimeongeza kidogo. Juu ya ukuta alisimika vigae vya chupa, na kila chupa aliinywa mwenyewe kwanza, kwa kuwa hakuamini chupa iliyonywewa na mwingine. Mbwa wake, Šarov, alifundishwa kushuku tangu hajafumbua macho. Alipokua akawa anawabwekea hata viroboto wake, akitaka wajitambulishe. Lango lilikuwa la mwaloni, limevikwa bati huku na huku, lina makomeo na minyororo na kitasa kikubwa kama kichwa cha ndama. Bawaba alizichomelea zisije zikang'olewa.

Na bado usingizi haukumjia. Kila jioni akishafunga, aliyeyusha nta ya nyuki wake akaimimina katika tundu la kitasa mpaka likajaa, kisha akaigandamiza kwa kidole gumba iwe muhuri. Asubuhi anavaa miwani, anapiga magoti mbele ya lango kama wenzake wanavyopiga magoti mbele ya madhabahu, anaikagua. Alama ya kidole ikiwa nzima, basi hakuna aliyejaribu ufunguo bandia. Anaikwangua nta kwa msumari, anafungua, siku inaanza.

"Na ukiikuta imevurugwa?" nilimuuliza siku moja.

"Nitajua."

"Utajua nini, shemeji, na mwizi keshavuka mto?"

"Nitajua kwamba sikukosea."

Tuliitana shemeji kwa sababu marehemu mume wangu na yeye ni watoto wa ndugu wawili. Viwanja vyetu vinapakana. Ukuta wake ulininyima jua la asubuhi, nikaamua kuweka kisiki upande wangu ili nikitaka kumsema nipande, nimseme usoni.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mtoto wa kuchunga bata, wakati wa vita, jeshi moja lilipita asubuhi likachukua ng'ombe, jingine likapita jioni likachukua mahindi na, kwa kukosa kingine, kifuniko cha chungu. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola, anaomba, na wao wanapitisha magunia nyuma ya mgongo wake. Kabla theluji haijayeyuka, mdogo wake Jela akafa kwa njaa. Jambo hilo lilimkaa Krsman rohoni kama mwiba ulioota nyama juu yake. Hata uzeeni, Padri Tadija akimuuliza anamtumaini nani, alijibu bila kupepesa:

"Mungu namwamini, Padri. Ninaowashuku ni hawa aliowaumba."

"Lakini kila siku unasema Baba yetu uliye mbinguni."

"Naam, yuko mbinguni. Huko hakuna wezi. Mimi niko Kruševik."

Padri akacheka, lakini alipotoka nilimwona anapapasa mifuko ya kanzu yake. Ndivyo Krsman alivyokuwa: ukikaa naye kidogo unaanza kujishuku mwenyewe.

Sasa, kwetu kila nyumba ina mtakatifu wake, na siku yake ndiyo tunaiita slava. Mshumaa unawashwa, padri anabariki mkate, na lango linabaki wazi tangu asubuhi. Kwenye slava hatualiki mtu. Wanaoalikwa ni watu wa harusi. Slava anakuja anayekuja, awe jirani, awe adui, awe mpita njia aliyepotea, na mwenye nyumba haketi. Anasimama kutwa akiwahudumia, kwa sababu siku hiyo kila aingiaye ni mgeni wa mtakatifu. Na anayerithi nyumba anarithi na mtakatifu wake. Mshumaa ukikosa wa kuuwasha, nyumba imekufa hata kama paa halijabomoka.

Nyumba ya Krsman ni ya Mtakatifu Nikola, anayeangukia katikati ya baridi na katikati ya mfungo.

Enzi za mkewe Nevenka, lango lile lilikuwa likifunguliwa. Nevenka alikuwa mwanamke mdogo kama kijiko, lakini alimsukuma mumewe pembeni kwa tumbo akafungua mwenyewe. Nevenka alipofariki, slava ilianza kukonda. Mwaka wa kwanza Krsman alifungua nusu ya bawa moja la lango, watu wakaingia kiubavuubavu kama kaa. Mwaka uliofuata alisimama langoni wakati wa kuondoka, akawapekua. Ndiyo, aliwapekua wageni wa slava! Katika mfuko wa Gavra, jirani yetu wa chini, alikuta kipande cha mkate.

"Aha!" alipiga kelele. "Hiki nini?"

"Mkate uliobarikiwa," alisema Gavra, uso umemwiva kama biringani. "Nampelekea mke wangu. Anaumwa, hakuweza kuja."

"Mwenye kuumwa hapelekewi kwa kificho."

"Basi ningeupelekaje, Krsman, kwa tarumbeta?"

Kila mtu humpelekea mgonjwa wake mkate wa slava. Hiyo ni desturi ya tangu na tangu. Gavra aliuweka mkate juu ya nguzo, akapiga ishara ya msalaba, akaondoka. Tangu hapo wakawa hawasalimiani. Miaka iliyofuata, kila mwaka na kisingizio chake cha kutofungua, tulifika wawili tu: Padri kwa sababu ni kazi yake, na mimi kwa sababu ya umbea.

Mwaka ninaouzungumzia, Persida, binti yake wa pekee, alipanda kuja kumwona majira ya kuvuna kabichi. Kiwanda cha mjini alikofanya kazi yeye na mumewe Radenko kilikuwa kimefungwa, nao walitaka kurudi kijijini, waishi na mzee, walime, wawashe mshumaa wa Nikola pamoja naye na baada yake. Krsman alifurahi hata akasahau kumtazama mikono. Lakini Persida ni mtoto wa Nevenka.

"Baba, nina neno moja," alisema. Nami nilikuwa juu ya kisiki changu, si kwa kusikiliza, bali kwa kutazama hali ya hewa.

"Sema."

"Siwezi kuishi ndani ya gereza. Siku ya Nikola mimi na Radenko tutapanda na basi la asubuhi. Nikikuta lango liko wazi kama la watu wengine, tutaingia na hatutatoka tena. Nikilikuta limefungwa, nageuka hapohapo, na mshumaa wako utauwasha wewe mpaka utakapozimika."

"Unamtishia baba yako?"

"Namwambia baba yangu. Ningemtishia, ningemtuma Bibi Stamena aliyeko pale juu ya ukuta."

Nikashuka kwenye kisiki.

Alipoondoka, Krsman alianza kulizungusha neno hilo kichwani kama ng'ombe anavyozungusha majani. Kila jioni ananigongea ukutani.

"Shemeji."

"Niambie."

"Kwa nini Radenko anataka lango liwe wazi?"

"Aliyesema ni Persida."

"Mke husema la mume. Mtu anayetaka lango wazi ana gari limesimama mahali."

"Ana baiskeli, shemeji. Na breki hazishiki."

"Ndiyo maana. Hatasimama."

Siku nyingine ikawa zamu ya mapaja ya nguruwe aliyoyatundika kwenye kibanda cha moshi. Nikamwambia, "Nikola anakuja katika mfungo. Nani atagusa nyama siku ya mfungo?"

"Mwizi hafungi," alisema.

Mpaka nami nikachoka. Siku hiyo theluji ya kwanza imeanguka, nikapanda kisikini kwa hasira nikamuuliza: "Mwaka ule wa njaa, Jela alipokufa, wewe ulipona kwa nini?"

Akashusha kofia hadi kwenye nyusi. Halafu: "Kwa maharage."

"Maharage ya nani?"

"Ya mama mkwe wako. Alikuwa akiyapitisha kwenye ua wa miiba, ndani ya soksi."

"Mama yako aliomba mbele ya Nikola, na wewe miaka yote hii unasema hakusikilizwa. Maharage yalitoka wapi? Na nikuulize lingine. Kama ukuta huu ungekuwepo wakati ule, ile soksi ingepitia wapi?"

Nilisikia theluji ikilia chini ya viatu vyake, anakwenda, anarudi, anakwenda. Baadaye sauti yake ikaja, ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya kisima.

"Nitafungua."

"Niapie."

"Simwapii mtu aliye juu ya kisiki. Nimesema nitafungua."

Nami sikumwamini. Mtu aliyeshuku maisha yake yote hafungui kwa mara moja. Anafungua akiwa amebakiza kidole mlangoni. Na ndivyo ilivyokuwa. Baadaye nilijua kwamba moyoni alijiwekea sharti lake: atafungua, lakini si alfajiri kama watu wengine. Atamngoja Persida. Akimwona kwa macho yake anatokea kwenye kona ya kisima, hapo ndipo atafungua, na lango litakuwa wazi anapofika. Kwa njia hiyo atakuwa amemtii binti yake, na lango litakuwa limekaa wazi kwa muda mfupi uwezekanavyo. Alimpa Mungu ahadi, akajibakizia ufunguo.

Asubuhi ya Nikola baridi ilikuwa kali hata maneno yaliganda. Ulimwambia mtu habari za asubuhi ukapata jibu mchana. Mimi ndiye niliyemwokea Krsman mkate wa slava, kwa kuwa nyumba yake haikuwa na mwanamke. Niliufunika kwa taulo lenye nakshi nikaupeleka. Lango limefungwa. Kwenye kitundu cha kuchungulia kikatokea jicho.

"Nani?"

"Mkate wako."

"Mkate hauongei."

"Huu nimeukanda mimi, kwa hiyo unaongea. Fungua, shemeji, watu wanakuja!"

"Basi bado halijafika."

"Slava haingoji basi!"

"Nikimwona Persida, nafungua. Subiri hapo."

Kwa hiyo nikasimama nje na mkate, naye ndani na mshumaa. Njiani watu walikuwa wanapita makundi kwa makundi, maana nyumba za Nikola kwetu ni nyingi na wanaume hutoka kwenye slava hii kwenda ile. Padri Tadija akafika, ndevu zina barafu. Gavra akapita na wenzake wawili akielekea kwa shemeji zake. Alipoona Padri amesimama nje, naye akasimama, mbali kidogo, kama mtu anayetazama moto wa jirani.

Halafu tukalisikia basi likipanda kilima, likikohoa. Likageuza pale kisimani ambapo hugeuza kila siku. Persida akashuka, kitambaa chekundu kichwani, na Radenko nyuma yake na masanduku.

Jicho likatoweka kwenye kitundu. "Namwona!" Tukasikia makomeo yanavutwa, minyororo inaanguka, na msumari unakwangua. Krrr, krrr. Halafu ukimya. Halafu msumari tena, kwa haraka zaidi.

"Shemeji," alisema kwa ndani.

"Ehe."

"Nta imekuwa jiwe."

Siku zote nta ile ilikwanguka kama jibini. Lakini baridi ya usiku ule iliigandisha ndani kabisa pamoja na chuma. Tukasikia ufunguo unaingizwa, unalazimishwa, anagugumia, na kisha: tak. Sauti ndogo tu. Hata kuku angeweza kuitoa.

"Umefanya nini?" aliuliza Padri.

"Umevunjika ndani."

Unadhani watu walimwamini? Wenzake Gavra walitazamana. Mmoja akasema, "Anatujaribu. Anataka kuona ni nani atakayekuwa wa kwanza kugusa kitasa." Wote wakarudi nyuma hatua, mikono hewani, ili kitundu kiwaone vizuri. Nami, na mkate wangu, nikarudi pia. Mungu anisamehe, lakini nilimjua mtu yule.

Mwingine akataja ngazi. Padri akatikisa kichwa. "Juu kuna vigae, nyuma kuna Šarov. Na hata kama visingekuwepo, kwenye slava watu hawaingii kwa kupanda ukuta kama wezi."

Persida akawa ameshafika. Alitazama lango. Alitutazama sisi, tumejipanga theluji inatufika vifundoni, mkate uko nje na mikono yetu iko juu.

"Baba," alisema taratibu. "Fungua."

"Ufunguo umevunjika, mwanangu. Haki ya Mungu umevunjika. Ni nta."

"Mwaka juzi ilikuwa mbwa. Mwaka jana ilikuwa homa ya kuku. Mwaka huu ni nta."

"Nilikuwa nafungua! Nilipokuona tu, nilikuwa nafungua!"

"Uliponiona?" Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Kwa hiyo lilikuwa limefungwa mpaka uliponiona. Watu hawa wote walikuwa nini?"

Ndani, msumari ukaanguka chini.

Radenko alimgusa bega. "Persida, labda ni kweli mzee—"

"Hata kama ni kweli, ni kweli kwa sababu ya nta yake mwenyewe. Twende. Basi bado halijaondoka."

Akageuka. Radenko akanitazama kwa huruma kana kwamba mimi ndiye niliyefungiwa, akachukua masanduku, akamfuata. Theluji siku ile ilikuwa ya kulia chini ya miguu. Kila hatua waliyopiga, Krsman aliisikia. Jicho lilirudi kwenye kitundu. Nimeona macho mengi, ya waliokufa na ya waliozaliwa, lakini jicho lile sikuweza kulitazama nikamaliza.

"Gavra," likasema jicho.

Gavra hakusogea. "Nani anayeniita?"

"Mimi. Krsman. Una shoka?"

"Shoka liko nyumbani. Kwani umepotelewa na shoka?"

"Lete shoka lako, Gavra. Ukate nguzo kwa nje, mimi nitakata kwa ndani."

Lango lile lilikuwa ujana wake wote. Fundi chuma wetu anashuka mjini baridi ikianza na harudi mpaka korongo warudi. Lango likianguka leo, nyumba itabaki mdomo wazi mpaka majira ya kuchipua. Krsman alilijua hilo kuliko sisi.

"Nikate lango lako," alisema Gavra, "kesho useme mimi ndiye mwizi?"

"Kesho nitasema mimi ndiye niliyekuita."

"Na nikiondoka utalipekua shoka langu?"

"Gavra, nakuomba. Mwanangu anakwenda."

Gavra alitema mate kwenye theluji. Akatazama mbingu, akamtazama Padri. Kisha akakimbia. Nilikuwa sijapata kumwona akikimbia tangu nyuki walipoingia kwenye suruali yake.

Kwa ndani tukasikia pigo la kwanza. Halafu la pili. Mzee alikuwa anahema kama mvukuto, na kati ya pigo na pigo alikuwa anasema kitu. Mwanzoni nilidhani anatukana, kwa kuwa ndiyo desturi yake akifanya kazi. Padri akanishika mkono. "Sikiliza," akasema. Ilikuwa "Baba yetu." Pigo, "uliye mbinguni", pigo, "jina lako." Na Gavra akarudi, akavua koti, akaanza kukata kwa nje, na hao wawili ambao hawakusalimiana tangu ule mkate wakawa wanajibizana kwa mashoka kama wanakwaya.

Sauti ile ilishuka kilima. Dereva alikuwa ameshawasha basi, Persida ameshakanyaga ngazi. Dereva akazima injini asikie vizuri. Abiria wakafuta madirisha kwa mikono yao.

Lango lilianguka kwa nje, na kama tusingeruka, leo msingekuwa na wa kuwasimulia. Lilipiga chini, theluji ikamwagika kutoka kila paa Kruševik, na nasikia hata huko bondeni watu walidhani vita vimerudi. Kulipotulia, tuliona uwazi mkubwa ambao hatukuwahi kuuona, na katikati yake Krsman, hana kofia, shoka mkononi. Šarov alitoka ndani kwa kishindo, sisi sote tukajificha nyuma ya Padri. Lakini mbwa hakumng'ata mtu. Alisimama juu ya lango, akatazama barabara ambayo alikuwa ameisikia maisha yake yote bila kuiona, akaketi.

Persida alirudi akikimbia. Alipita juu ya lango, bati likilia chini ya viatu vyake.

"Weka shoka chini, Baba."

"Nimechelewa," alisema Krsman. "Nilitaka kuwa na hakika kwanza."

"Najua."

"Hakuna hakika, Persida. Nimeitafuta kila mahali."

Persida akambusu mkono, naye akambusu kichwa, na kwa kuwa baba yule na binti yule hawajazoea mambo hayo, waligongana pua.

Nyuma yao walikuja wengine. Dereva alisema hawezi kuendesha basi kabla hajajua mwisho wa jambo hili. Abiria wakashuka kumfuata dereva. Wafanyabiashara wa kabichi, mwanamke na bata mzinga mikononi, mtawa mmoja, na jamaa wawili wenye nyuso ambazo, nisiseme uongo, hata mimi ningezifungia. Wote wakasimama mbele ya uwazi wakisitasita. Krsman aliwatazama. Niliona mkono wake unatafuta komeo ambalo halikuwepo. Nikasema moyoni, sasa tutaona.

Akavuta pumzi. "Karibuni," alisema. "Ni siku ya Nikola. Karibuni ndani."

Mshumaa ukawashwa. Padri akaimba mpaka barafu kwenye ndevu ikadondoka. Mkate wanaushika wanaume na kuuzungusha kabla ya kuuvunja. Krsman alishika upande mmoja, Radenko upande wa pili, na wa tatu akamwita Gavra. Gavra alikuja huku amekunja uso, lakini alikuja. Ngano ya kuchemsha ikaliwa, samaki, maharage ya kuoka na vitunguu, rakija, pombe kali ya plamu, ikamiminwa. Krsman hakuketi. Mwanzoni alipita na sinia huku macho yanawachunguza wale jamaa wawili. Lakini wageni walikuwa wengi, sinia ziliongezeka, na mtu aliyebeba sinia kwa mikono miwili hawezi kumkagua mtu. Anaona tu ni nani ambaye hajala. Jioni alikuwa amechoka kama punda wa kinu, na nilimsikia anamwuliza mmoja wa wale jamaa kama mama yake bado yu hai, na kama anamwandikia.

Sasa msinisikilize mkadhani kwamba baada ya hapo akawa malaika. Mimi nilibaki na shaka zangu. Wiki zile zote nilipanda kisikini, maana uwazi ulikuwa upande wa pili na kutoka kwangu bado nililazimika kuchungulia. Persida naye, nilijua, hakuwa amefungua sanduku la pili. Lilikuwa limesimama nyuma ya mlango, limefungwa kamba. Alikuwa anangoja kama mimi.

Siku moja nikamwona mzee anabeba mbao kuelekea kwenye uwazi, nyundo mfukoni. "Persida!" nikaita. "Baba yako anajenga!" Persida akatoka mbio, unga mikononi. Akamkuta ameinama, anapanga mbao chini, juu ya matope yaliyotokea theluji ilipoanza kulainika.

"Nini hicho, Baba?"

"Daraja. Watu wakija wanachafua viatu, halafu wanaona haya kuingia." Akanitazama. "Na wewe, shemeji, shuka kwenye hicho kisiki. Zunguka upite mlangoni kama watu."

Padri alipokuja kubariki nyumba, alimuuliza kama analala. Krsman alifikiri. "Nilipokuwa na lango," akasema, "nilikuwa naamka kwenda kulitazama. Sasa sina cha kutazama. Naamka, naomba, najigeuza upande wa pili. Bado naogopa, Padri. Ila sasa namwambia Yeye, zamani nilikuwa naliambia lango."

"Na wezi?"

"Wezi ni kazi yake. Nilikuwa nimemnyang'anya."

Yote hayo ni maneno, na maneno hata kasuku anayo. Jaribu lilikuja karibu na mwisho wa baridi. Persida aliingia kwenye kibanda cha moshi akakuta kulabu moja iko tupu. Paja la nguruwe, lile kubwa, halipo. Alikuja kwangu mbio, uso mweupe kama jibini.

"Bibi Stamena, limeibwa. Nifanyeje? Akijua, atajenga ukuta mwingine juu ya huu. Radenko anasema tununue jingine tulitundike kabla hajaona."

"Baba yako anayajua mapaja yake kwa majina," nikamwambia. "Twende."

Tulimkuta kizingitini, amekaa juani, anamenya maharage ya mbegu, bakuli liko magotini. Šarov amelala juu ya mbao za daraja. Persida alimweleza, akijikwaa kila neno, na mimi nilikuwa namtazama mzee mikono, kama alivyotufundisha. Mikono iliendelea kumenya.

"Juzi niliona," alisema.

"Juzi! Na hukusema?"

"Ulikuwa na sanduku nyuma ya mlango. Nilidhani ukisikia utaondoka."

Persida akaokota ganda moja miguuni pake.

"Sijui ni wa kwetu," Krsman aliendelea, "au wa kupita. Mwanzoni nilitaka kwenda kunusa sufuria za watu. Nilikwenda mpaka darajani." Akatupa ganda. "Halafu nikasema, Bwana, nguruwe alikuwa wako kabla hajawa wangu. Kama aliyechukua ana njaa, mshibishe. Kama hana, mpe haya."

"Basi hivyo tu?" nikamuuliza. Siamini kwa urahisi. "Hivyo tu, shemeji?"

Akaniangalia, na pembeni ya jicho lake kukawa na kitu ambacho sikukiona tangu Nevenka alipokuwa hai.

"Hivyo tu. Isipokuwa lile lilikuwa paja ambalo nilikosea chumvi. Yeyote yule, atakunywa maji mpaka Pasaka."

Persida alicheka hata akalazimika kushika nguzo ya mlango. Kisha akaingia ndani, na tukamsikia anakata kamba ya lile sanduku.